Boma la Makaburini

Jumapili, 2 Septemba 1956

Upepo tangu alfajiri. Vumbi mpaka kwenye uji. Hapa Mtinko mwezi huu hata maneno unayatafuna na mchanga.

Mchungaji kahubiri habari ya kondoo aliyepotea. Sikusikiliza. Kwenye benchi letu ukigeuza shingo kidogo unaona makaburi dirishani, na boma la miiba linaloyazunguka, na nje ya boma kilundo kidogo cha mawe. Mwanangu. Alikaa siku mbili tu. Mchungaji alikuwa safarini Mgori, hakuwahi kumbatiza. Baba mkwe, Mzee Simeoni, ndiye mzee wa kanisa mwenye dhamana ya makaburi. Akasema: azikwe nje. Mjukuu wake mwenyewe! Akasema si sheria yake, ni ya Mungu. Hata jina hakuuliza, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Tangu Mei nakaa benchi hilo hilo. Nimechoka kugeuza shingo.

Jumanne, 4 Septemba

Mume wangu Leonidas kamleta nyumbani bwana wake wa kazi, yule Mmarekani wa mtambo wa kuchimba visima, Bwana Yensen. Nimehangaika na chai — tangawizi, sukari yote iliyobaki. Hagusi! Nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha misheni, vikombe vyetu vichafu? Maskini, akawa mwekundu mpaka masikioni. Kumbe dini yake inakataza. Chai, kahawa, pombe, tumbako, vyote marufuku. Ni Mmormoni. Mimi dini hiyo sijapata kuisikia. Akanywa maziwa mpaka Leonidas akaona haya kwa niaba ya ng'ombe. Kazini wanamwita Bwana Maziwa, sasa najua sababu.

Akauliza kama tuna watoto. Leonidas akasema hatuna. Nikasema tunaye, mmoja. Basi ikabidi nieleze.

Alisikiliza vizuri, nakiri. Kisha akasema kwao mtoto mchanga habatizwi kabisa. Hana dhambi ya kuoshwa. Akifa anapokelewa na Mungu moja kwa moja. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikaenda jikoni nikalia karibu na moto, wadhani ni moshi.

Jumatano, 5 Septemba

Situlii. Shuleni nimewapa watoto hesabu za jana, wakanicheka, nikacheka nao. Nimepika ugali nikasahau mboga. Moja kwa moja, alisema. Hana dhambi. Mbona ilibidi mtu atoke Marekani kuja kuniambia jambo ambalo mimi, niliyembeba, nililijua?

Ijumaa, 7 Septemba

Karudi. Safari hii nilimwekea maziwa.

Akasimulia kwao kuna nyumba kubwa, hekalu. Mume na mke na watoto wanafungwa humo pamoja, hata watoto waliokufa, na kifo hakiwafungui tena. Nikasema basi tufungeni na sisi. Mimi, Leonidas, na mtoto. Tutauza ng'ombe, tutapanda meli, potelea mbali.

Akatazama kofia yake. Akasema watu weusi hawaingii hekaluni. Kusali nao, ruhusa. Hekaluni, bado. Mungu hajatoa idhini.

Bado! Anangoja nini?

Akaeleza habari ya laana ya zamani iliyowaangukia weusi, akajikwaa, akaacha. Akasema hata yeye halielewi vizuri. Nikamwuliza: ungekuwa wewe mwenye ufunguo, ungetufungulia? Akasema ndiyo. Hakufikiri hata kidogo. Halafu akasikia alichosema. Nikamwambia, basi bwana, wewe ni mwema kuliko Mungu wako. Leonidas akanikanyaga mguu chini ya meza.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika! Akasema polepole, labda siku moja Mungu atabadilisha. Nikauliza, kwa hiyo anajifunza? Kwa nani — kwetu?

Aliaga, akaacha maziwa nusu kikombe.

Jumapili, 9 Septemba

Ugomvi. Leonidas anasema nimemtukana Mungu wa mgeni ndani ya nyumba yetu. Nikasema na wa kwetu je? Yule kamwacha mama mlangoni, huyu kamwacha mtoto nje ya boma. Akaniambia nyamaza, Kristina, baba atasikia. Asikie!

Lakini naogopa. Pengine Mungu hakusema hata moja katika hayo. Pengine watu ndio wamemsemea, na yeye anatazama tu kama mimi dirishani. Au kweli alisema, na sisi tumemzidi wema? Nimeogopa kuliandika hilo. Haya, limeandikwa.

Kutoka kanisani nimempita jirani yetu Alute anapanua boma lake. Ng'ombe wamezaa, hawaenei. Anakata miiba, anasogeza nje, basi. Hakuwa na habari kabisa na sheria. Nimesimama pale mpaka akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 10 Septemba

Nimemwambia mama mkwe nilichowaza. Mama Yustina alikuwa anapepeta mtama. Alipepeta weee, nikadhani hakusikia. Kisha: "Migunga yenye miiba iko mingi kule bondeni." Hivyo tu.

Alhamisi, 13 Septemba

Naandika nimesimama. Nimekuja nyumbani kuchukua maji.

Tumeanza asubuhi, mimi na mama mkwe, kukata miiba na kuiburuta. Leonidas alikaa nyumbani amenuna, kisha akaja, akaninyang'anya shoka. Tumeizungusha ikapita nje ya mawe ya mwanangu. Ya zamani bado hatujaiondoa, kwa hiyo sasa yuko kati ya maboma mawili.

Bwana Yensen alipita na lori. Akashuka, akavua kofia, akavuta tawi kwa mikono mitupu. Damu ikamtoka. Sikumwambia aache.

Ndipo baba mkwe akaja. Panga mkononi. Sote tukaganda. Nikapiga goti, shikamoo baba. Hakuitikia. Akatazama miiba, akamtazama mkewe aliyeloa jasho, akamtazama yule mzungu mwenye damu. Nikajua anatufukuza kanisani sasa hivi.

Akauliza: "Mlimwita nani?"

Nikasema, "Mughwai, baba."

Jina la baba yake mzazi. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, yeye ambaye hukalia kiti hata shambani. Mama akanituma maji.

Mtungi umejaa. Miguu haitaki kwenda. Nasikia panga kule makaburini, linakata, linakata. Kama ni boma la zamani au ni letu, kutoka hapa siwezi kujua —