Nilianika Upande wa Nyuma wa Kazi ya Mama

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nimemkosea mama na sijui nianzie wapi kuomba radhi, naandika mtoto kalala mgongoni, maneno yakirukaruka nisamehe.

Mama ametarizi mashuka tangu sijazaliwa na ndiye aliyenifundisha, nikimaliza ua alikuwa akigeuza kitambaa atazame nyuma kwanza, kwake mtarizi anajulikana huko, mafundo yakionekana unafumua. Mimi nikaingia kwenye sanamu za kitambaa, natarizi, nashona, najaza pamba na waya mpaka kitambaa kinakuwa mwili, na watu wa jumba la maonyesho wakanipenda. Mwaka huu nikatengeneza sanamu ya mwanamke aliyeinama, na ngozi yake ni mashuka ambayo mama aliyatarizi macho yalipoanza kufifia, akayaficha chini ya kitanda kwa kuyaonea haya mafundo yake. Nikayageuza, nyuma ikawa nje, nyuzi zimetambaa kama mishipa, sijawahi kuona uzuri ule. Nilimwambia naazima mashuka, sikumwambia ya nini.

Siku ya ufunguzi alikuja kajipamba, akaizunguka sanamu mara moja, akagusa fundo begani. Watu wanapiga picha. Akaniambia polepole, "Mwanangu, umenivua nguo mbele za watu." Akamchukua mjukuu wake, wakaenda kukaa nje kwenye ngazi. Tangu hapo sindano hajaishika, na fremu yake ya kutarizia, duara la mbao, watoto wa jirani wanaikimbiza barabarani kama gurudumu. Sasa jumba linataka kuizungusha sanamu miji mingine mwaka mzima. Nikikataa nimejifungia mlango, nikikubali ni mama anayetembezwa. Nifanyeje?

Mama wa Mmoja, hoi

Mama wa Mmoja,

Pole kwa uchovu. Kwa hilo lingine pole yangu isubiri kidogo, kwa sababu ulijua. Ungekuwa hujui, ungemwambia mashuka ni ya nini. Nakubali yanapendeza, hata mimi ningesimama kuyatazama, lakini hayo ni makosa ya mtu aliyeyaonea haya, na ruhusa hukuwa nayo.

Kesho waambie wa jumba sanamu haiendi popote mpaka utakapowapa jibu. Wakinuna, wanune. Kisha nenda kwa mama, na mtoto umwache kwa baba yake, maana najua utamtanguliza kama ngao. Usimfundishe sanaa. Mwambie, "Mama, sikukuambia kwa sababu nilijua ungekataa." Halafu nyamaza, hata akikupa mgongo.

Akitaka ifumuliwe, fumua mwenyewe, mshono kwa mshono, mashuka uyafue, uyapige pasi, uyarudishe. Safari utaikosa na itakuuma, wala sikudanganyi kwamba atashika tena sindano. Huenda asishike, na hilo utaishi nalo. Akikubali iende, muulize jina lake liandikwe au lisiandikwe, na atakachosema ndicho.

Asipokujibu, usilie mbele yake. Osha vyombo utakavyovikuta, aga, rudi Alhamisi. Asipojibu tena, rudi Alhamisi nyingine.