Nukta Mbili Zangu Zimemsimamisha Kazi Mzee Sokiri

Mpendwa Mama Jokudu,

Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana nikikaa kimya mtu ataumia na nikisema nitaumia mimi. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Juba, nafundisha watu wazima, wafanyakazi wa hospitali moja ambao walisoma kwa Kiarabu enzi za kutawaliwa kutoka Khartoum na sasa wanatakiwa kuandika kila kitu kwa Kiingereza, tunakutana saa kumi jioni wakitoka kazini, wamechoka, na muhula huu tunajifunza kuunga sentensi mbili ziwe moja, wapi panakaa mkato, wapi nukta, lini useme "lakini" na lini "kwa hiyo", mambo ambayo ukiyasikia unaona ni madogo, na mimi mwenyewe niliyaona madogo.

Katika darasa hilo yumo Mzee Sokiri, mtunza stoo ya dawa, ana miaka hamsini na sita, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, ila nukta hana habari nazo. Siku moja aliniambia mbele ya wenzake, "Ustaza, kwa Kiarabu tunasema wa, wa, wa, yaani na, na, na, mpaka karatasi inaisha na kila mtu ameelewa. Hawa Waingereza wanasimama-simama hivi, wamechoshwa na nini?" Darasa zima lilicheka na mimi nikacheka, ni mtu ninayempenda kama baba yangu mdogo.

Basi wiki tatu zilizopita maboksi ya dawa ya malaria yaliibwa stoo siku ya Jumamosi, kila mfanyakazi akaambiwa aandike maelezo yake kwa Kiingereza na kutia saini, na Mzee Sokiri akaniletea daftari lake kabla ya kipindi, akasema, "Nitazamie kidogo, Ustaza, kabla sijanakili kwenye karatasi yao." Mama, nilikuwa na haraka, mkaguzi alikuwa anakuja jioni ileile na ubao wangu ulikuwa mtupu, nikayaona maneno yake yamenyooka mstari mmoja bila nukta hata moja, ukiyatafsiri yanakuwa hivi: "Sikuingia stoo Jumamosi niliingia na mkuu wa zamu Jumatatu nilikuta kufuli limevunjwa."

Sikumuuliza kitu, nilichomoa kalamu nikaweka nukta moja baada ya "stoo" na nyingine baada ya "mkuu wa zamu", nikamrudishia, naye akashukuru, akanakili vilevile herufi kwa herufi. Ikasomeka: "Sikuingia stoo. Jumamosi niliingia na mkuu wa zamu. Jumatatu nilikuta kufuli limevunjwa."

Kumbe yeye alimaanisha kwamba Jumamosi hakuingia kabisa, aliingia Jumatatu akiwa na mkuu wa zamu, ndipo akakuta kufuli limevunjwa. Sasa kamati inasema ameandika kwa mkono wake kwamba Jumamosi aliingia, tena na mkuu wa zamu, na mkuu wa zamu siku hiyo alikuwa harusini mjini Yei, watu mia wamemwona, kwa hiyo Mzee ni mwongo na huenda ndiye mwizi. Wamemsimamisha kazi. Alijaribu kujieleza kwa Kiarabu wakamwambia, "Saini ni yako au si yako?" akasema ni yake.

Wiki iliyopita alikuja darasani kuniaga, akanionyesha nakala ya ile karatasi, akasema, "Usihangaike na mimi tena, Ustaza. Kichwa changu kimekauka, nimeandika maneno yasiyo yangu." Nilipoisoma niliiona kazi yangu pale, na sikumwambia. Nilimpa pole, Mama, nikampa mkono, nikamwacha aende akidhani ni mjinga. Daftari lake aliliacha, liko kwenye kabati langu na wino wa kalamu yangu umo ndani yake.

Mume wangu Gore anasema, "Wewe ulisahihisha Kiingereza, hukuvunja kufuli. Daftari liache hukohuko kabatini." Mkataba wangu unaisha mwezi ujao na mkurugenzi wa hospitali ndiye anayeusaini, na mwalimu mwingine kutoka Kampala ameshaleta vyeti vyake, na nikisema mwalimu wa nukta hajui kuweka nukta nani atanifuata tena darasani? Kikao cha mwisho ni Alhamisi saa nne asubuhi. Nifanyeje?

Mwalimu mwenye hofu, Munuki, Juba

MAMA JOKUDU ANAJIBU

Mwalimu, barua yako ilinifikia Jumatatu na gazeti hutoka Jumamosi, kwa hiyo sikungoja wachapaji, nilikupigia simu. Niliyokuambia siku ile nayaandika hapa kwa ruhusa yako, kwa sababu najua si wewe peke yako mwenye kabati lenye kitu ndani yake.

Pole kwanza. Kukosea kwa haraka kunampata kila mtu anayefanya kazi, na kosa la kalamu lingeweza kusahihishwa siku ileile. Kwa hilo sikugombezi. Nakugombeza kwa ule mkono uliompa Mzee Sokiri. Ulikuwa na jibu lake mdomoni ukampa pole. Alikuambia kichwa chake kimekauka ukamwacha aondoke na neno hilo, akalale nalo. Hapo hapakuwa na mkaguzi wala haraka.

Gore anakupenda, nami simlaumu, anaogopa kukuona unarudi nyumbani mikono mitupu. Lakini mwambie hivi: kufuli alilivunja mwizi, na aliyemweka mtu asiye mwizi ndani ya stoo siku ya Jumamosi ni wewe. Mkataba unaweza kuupata mwingine. Jina la mzee wa miaka hamsini na sita likiandikwa mwizi, atalipata wapi jingine?

Kwa hiyo nilikuambia: toa daftari leo. Usimtume mtu na usiandike barua, maana barua zako ni ndefu. Nenda kwa Mzee Sokiri kabla ya kikao, asije akayasikia mbele ya watu. Alhamisi simama, soma mstari ule mara mbili, namna mbili, uwaonyeshe wino wako na wino wake.

Jumanne ulikwenda kwake Kator, hukumkuta, na hukurudi tena. Hilo bado sijakusamehe. Alhamisi ulikwenda kikaoni, nalo nalihesabu. Ulinisimulia saa sita mchana. Mwenyekiti alikuuliza kwa nini ulinyamaza wiki nzima, ukafungua daftari ukausoma mstari ule namna zote mbili. Mkuu wa zamu akasema ni kweli, Jumatatu waliingia pamoja. Na Mzee Sokiri, ambaye alikuwa akitazama sakafu, akakugeukia akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo maneno yangu yalikuwa sawa?"

"Yalikuwa sawa, Mzee. Yote."

Akaomba daftari. Akasimama, akasoma kwa Kiingereza chake, taratibu, akitua pale alipotaka kutua siku zote. Kisha akamwambia karani, "Andika hivyo."

Amerudi kazini. Wewe umepewa onyo la maandishi, na mkataba wako mkurugenzi amesema ataufikiria. Siwezi kukudanganya kwamba atausaini. Unaniuliza sasa ufanye nini kwa kuwa Mzee hajarudi darasani na salamu zako anazijibu kwa kichwa tu.

Usimsukume. Ijumaa akiwa mapumzikoni nenda tena Kator, na safari hii ukimkosa kaa umngoje. Usibebe sukari wala sabuni, usije ukaonekana unanunua msamaha. Omba chai, kisha sema kosa lako mbele ya mkewe, maana yeye pia alikaa wiki nzima na mume anayeitwa mwizi. Akikataa kurudi darasani, mshukuru uende. Halafu waambie wanafunzi wako wote ulichofanya, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, siku hiyohiyo.

Na kuanzia sasa, kabla hujaweka nukta kwenye sentensi ya mtu mzima, muulize alitaka kusema nini.