Mzee Anatoli Mayige, Uliyeitwa Kalavati

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipomwomba binti yako Anjela chai nyumbani kwake Somanda, na chai ikaletwa ukiwa umekwisha kutuacha. Tunaandika polepole, kama ulivyotufundisha, tusije tukasema lisilo kweli. Lakini hatutaficha kwamba bado tuna kinyongo.

Ulianza kama mwenyekiti wa kijiji, ukawa diwani wetu vipindi viwili. Kipindi cha pili madiwani wenzako walikuchagua kuwa mwenyekiti wa halmashauri. Kote huko uliomba kitu kimoja: kalavati, kivuko cha mabomba ya zege, kwenye korongo linalotenga nyumba zetu na shule na zahanati. Ulilitaja kila mkutano, mpaka jina lako la ubatizo likasahaulika. "Kalavati anapita!" watoto waliita, nawe ulivua kofia kuwasalimu.

Fimbo yako ilikuwa na alama tatu za kisu. Mvua ikinyesha uliizamisha korongoni. Maji yakifika alama ya kwanza, watoto wavuke. Ya pili, washikwe mkono. Ya tatu, warudi nyumbani. Kila siku waliyorudi uliiandika kwenye daftari.

Ulipokuwa mwenyekiti wa halmashauri tulidhani shida imekwisha. Yakajengwa makalavati kumi na manne, yote kwenye kata za wenzako. "Mwenye kisima hanywi wa kwanza," ulituambia. Jirani yetu Mama Elina alikusimamisha mbele ya mashine ya kusaga.

"Mheshimiwa, kalavati letu limekwenda kusalimia wapi safari hii?"

"Liko njiani, mayu, mama yangu."

"Njiani? Basi limekwama kwenye korongo, maana halina pa kuvukia!"

Ulicheka kuliko wote. Sisi wa nyumbani kwako hatukucheka.

Mwaka wako wa mwisho wa udiwani mabomba ya zege yakashushwa kando ya korongo, manane. Yalisubiri mafundi tu. Kisha zikaja kura za maoni za chama. Wajumbe walipewa karatasi nyeupe waandike jina la wanayemtaka. Karatasi thelathini na moja ziliandikwa "Kalavati". Msimamizi akasema jina hilo halimo kwenye orodha, akaziweka kwenye zilizoharibika. Ulishindwa kwa kura tisa.

Mwanao Sayi alikusihi ukate rufaa. "Baba, hata ng'ombe wa hapa wanajua Kalavati ni nani!"

Ukamjibu kwa upole: "Liandikwe jina kamili. Kanuni hiyo niliwasomea mimi mwenyewe asubuhi. Jioni niikane?" Ukavua tai, ukaenda zizini.

Mbele ya watu tulinyamaza. Nyumbani tulikulaumu, na ulisikia. Hilo linatuuma, kwa sababu hatujui hata leo kama tulikosea. Tunachojua ni kwamba mabomba hayajasogezwa hata hatua moja. Mbuzi wanalala ndani yake. Tumekwenda ofisini mara sita, na mara sita tumeambiwa suala liko kwenye mchakato. Siku hizi mama ndiye anayeizamisha fimbo yako. Msimu uliopita aliandika siku kumi na tisa kwenye daftari, kwa mwandiko wake mkubwa.

Ibada ya kukukumbuka itafanyika Jumamosi saa nne asubuhi, kaburini kwako, ng'ambo ya korongo. Mvua ikinyesha usiku wa kuamkia siku hiyo, tunaomba wageni watokao Bariadi na Lamadi wasivuke kabla mama hajapima maji.

Siku hiyo tutausimika msalaba wako. Tulibishana sana kuhusu maandishi yake. Mama alitaka jina kamili, kama kanuni yako ilivyosema. Sayi alitaka lile watu walilokuita. Fredrick akauliza, "Na wakija kumhesabu Baba huko aliko, watatumia orodha ipi?" Mama alicheka, kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Kwa hiyo tumeandika yote mawili: ANATOLI MAYIGE, KALAVATI. Safari hii huharibiki.

Unakumbukwa na mke wako Eufrasia. Watoto wako Anjela, Sayi na Fredrick. Mdogo wako Mayala. Wajukuu wako Gloria na Goodness, ambao bado wanakuita guku, babu yao. Na majirani wote wa pande zote mbili za korongo.

Kila tutakapovuka, na kila tutakaposhindwa kuvuka, tutakukumbuka.