Picha ya Mama Akicheka

Shoga, uko wapi? Nimetoka sasa hivi ofisini kwa mkurugenzi wa kile kiwanda cha mabati.

Nilimwonyesha picha za mji wetu baada ya tetemeko, nikamwomba atuchangishie mabati ya kuezekea shule. Akafika kwenye picha ya mama amesimama mbele ya kifusi cha nyumba yetu, anacheka. Akaganda hapo hapo.

"Huyu mbona anacheka? Watu hawamchangii mtu anayecheka. Tutafutie anayelia."

ANAYELIA! Yaani kasema hivyo, macho makavu.

Nikamwambia, "Huyo ni mama yangu mzazi." Nikadhani ataona aibu. Wapi!

"Afadhali basi. Mpigie arudie picha, safari hii ajikaze alie."

Ajikaze alie, shoga! Nikakusanya picha zangu nikatoka bila kuaga.

Nimempigia mama pale kwenye ngazi nikamweleza, nikijua atamporomoshea mkurugenzi matusi. Kasema: "Mwanangu, watoto wanasomea juani. Rudi ndani, mwambie nitalia."

Basi nimerudi. Nimesimama mlangoni kwake, mkono unakataa kugonga.