Mulango wa Koko Unatazama Masisi

Goma, quartier Murara
Tarehe 9 novemba 2025

Kwako mupwa wangu mupenzi Bénita, kule Mpwapwa, Tanzania,

Barua hii inatoka kwa mutu ambaye jina lake likitajwa kati ya Sake na Rumangabo, mbao zinasimama zenyewe. Usicheke. Wakubwa wa muji huu hawajengi hata choo bila kuniuliza, na ukifika Murara ukataja fundi Léopold, mutoto anayenyonya ataacha titi akuonyeshe njia kwa kidole.

Lakini salamu kwanza. Umeamuka namna gani, mwanangu? Bwana yako Mwalimu Malogo na watoto wako na nguvu? Miguu ya mama mukwe wako, ile iliyokuwa inavimba, imeshuka? Sisi hapa tunahema. Nikiandika kwamba tuko wazima Mungu ataona ninamudanganya mutoto wa marehemu dada yangu, basi ninaandika tu kwamba tunahema. Bibi yangu Kaswera anakusalimia sana. Ninajua kwenu Tanzania bibi ni mwanamuke muzee. Hapa bibi ni yule uliyemuoa, usije ukamwambia bwana yako nimeoa nyanya.

Barua yako na picha tulivipata kwa mukono wa Viateur, yule wa lori. Ni yeye tena anayebeba hii, kwa sababu simu yangu ilipasuka kioo na sasa inasikia tu, haisemi.

Uliuliza Koko, nyanya yako aliyenizaa mimi, anakaa katika nyumba ya namna gani, maana wakwe zako wanakuuliza kila siku na hujui useme nini. Hapo umegonga mulango wa fundi mwenyewe.

Hapa Goma hakuna mutu anakuuliza kama nyumba yako ni nzuri. Anakuuliza: ni durable, ni semi-durable, ao ni planche? Durable ni mawe na simenti toka chini mpaka juu. Semi-durable ni mawe mpaka kwenye magoti, halafu mbao. Planche ni mbao toka mwanzo mpaka mwisho. Yetu ni planche, na planche ndiyo kazi yangu. Kaswera, kwa kuwa ni mutu wa Butembo, mpaka leo anasema nyumba isiyo na matofali ya kuchoma ni kambi tu. Jirani yetu Bulonza, mutu wa bureau, wa ofisi, wa upande wa Bukavu, ndiye mubaya kuliko wote. Anasema kwao mbao kama hizi wanafugia sungura.

Nilimujibu: Papa Bulonza, volcan ikishuka tena, hiyo durable yako utaibeba kwa kichwa?

Maana planche, mwanangu, unaingoa misumari, unaipakiza juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, unaenda kuisimamisha pengine. Mwenye parcelle, yaani kiwanja, akikufukuza unamwachia udongo wake, unaondoka na nyumba yako. Mwaka ule wa volcan ya 2002 nilingoa nyumba nzima ya papa mumoja wa Birere, na moto ulikuwa umefika barazani. Ubao wa mwisho niliuvuta moto ukiwa unauvuta upande ule mwingine. Mara nyingine nilihamisha nyumba, na ndani mulikuwa kuku analalia mayai. Tulipofika vifaranga vilishuka vyenyewe, hakuna yai lililopasuka. Kaswera anasema ni uongo. Kuku mwenyewe alikufa, hawezi kuja kushuhudia.

Lakini hiyo kazi imekufa, Bénita. Tangu janvier, vita vilipoingia muji, hakuna mutu anahamisha nyumba. Wananiita, ndiyo, ninaenda na nyundo yangu, kumbe wanataka ningoe ukuta wa chumba cha nyuma waupikie, kwa sababu makala, makaa ya kupikia, imepanda bei. Nimepasua kwa shoka mbao nilizozipiga randa mwenyewe kwa mukono huu. Mama mwenye nyumba anasimama pembeni na sufuria, haniangalii, nami simwangalii. Jioni ninarudi na mafungu ya kuni ndiyo mushahara.

Sasa habari ya Koko. Unajua alitoka kwetu juu Masisi akakaa chini ya bâche, lile hema la plastiki, katika kambi ya waliokimbia, upande wa Lac Vert. Wakati kambi iliondolewa, waliotoka kule juu walituambia ile nyumba yake ya udongo, ile ulimozaliwa wewe, imebaki ukuta mumoja. Nikamubeba kwa mugongo mpaka Murara. Alishuka, akaizunguka nyumba yangu, akaigonga kwa fimbo.

«Léopold, hili sanduku umeweka nini ndani?»

«Mama, ni nyumba.»

«Sanduku mutu anaingia mara moja tu. Mimi saa yangu bado.»

Akakataa kuingia. Mama yangu mimi! Akaenda kulala inje, jikoni, ambapo ni miti iliyosimama na juu yake ile bâche yake aliyokuja nayo. Tulibembeleza. Mupadri alikuja. Alimupa mupadri kiazi akamwambia akae na yeye karibu na moto. Halafu mvua ya septembre ikaanza, na kikohozi nacho kikaanza, kile cha chini kabisa, kinachotoka kama mutu anaburuta kiti. Infirmière, muuguzi wa parokia, alimusikiliza mugongo, akaniita pembeni: huyu muzee akimaliza mvua hii inje, Noël, yaani Krismasi, hataiona. Na ile safari uliyotuomba, kumutuma kwenu, alisema kifua chake hakitafika hata Kigali. Usikasirike, mwanangu. Ningekuwa na namna ningemuleta mwenyewe kwa mugongo, unanijua.

Hapo ndipo picha yako ilifika. Nilimusomea barua pale jikoni: kwamba mama mukwe wako bado anakaa katika tembe ya wazee wake, ukuta wa udongo, paa la udongo limelala sawa, na juu yake wameanika mahindi. Kaswera aliangalia akacheka.

«Kwetu hiyo ni nyumba ya potopoto, ya matope.»

«Kwetu pia,» Bulonza akasema, maana harufu ya chai haimupiti, «ni ya mutu ambaye bado anatafuta simenti.»

Koko aliwanyanganya picha. Aliinusa. Kweli, aliinusa kama mutu ananusa maziwa.

«Wanaiita namna gani?»

«Tembe, mama.»

«Tembe.» Akaliweka neno mudomoni kama sukari, hakulimeza haraka. «Na mulango wake unatazama vilima. Unaona? Huyu mama amekaa mulangoni anatazama vilima vyake. Hii yako inatazama choo cha Bulonza.»

«Mama,» Bulonza akasema, «choo changu ni durable.»

Koko alinigeukia. Aliniambia mimi: «Geuza mulango utazame Masisi, nitaingia.»

Bénita, niliruka. Ni nyumba gani duniani unaweza kuigeuza uso kama mutu anayegeuka kitandani? Durable haigeuki! Tembe, mama mukwe wako anisamehe, haigeuki! Ni planche tu, na ni fundi mumoja tu. Kesho yake asubuhi nilikusanya watu: Julien wa kwaya, Bulonza, na wengine waliokuja kucheka. Nilisimama juu ya kiti nikaamuru. Tulishusha mabati, tukangoa kuta nzima nzima, Kaswera amemufunika Koko kwa mwavuli, mvua inatupiga. Koko alikuwa ananyoosha fimbo upande wa Masisi, nami ninafuata fimbo. Macho yangu yalikuwa huko juu kwenye mawingu yanapofunika vilima. Chini sikuangalia.

Jioni nilipiga musumari wa mwisho. Nilifanya discours, hotuba ya kweli. Nikasema leo mutoto wa Masisi amemurudishia mama yake uso wa kwao. Nikashika mulango kwa pembeni, nikauvuta kwa heshima.

Ukafunguka upana wa kiganja, ukagonga: ko!

Ule ukuta wa jirani wa nyuma, mwanangu. Ule wa mawe ya volcan, unaoshika étage, ile ghorofa ya tajiri ambaye hata hayuko hapa. Ninaupita kila siku. Ninaukojolea, uniwie radhi. Na siku hiyo sikuuona.

Halafu Bulonza: «Fundi, umemujengea mama mulango wa kupitishia barua.»

Nilitaka kungoa yote papo hapo. Kuisogeza nyumba mbele haiwezekani, parcelle hii ni kama leso, mbele kuna choo na jiko. Lakini Koko alikuwa amekwisha kufika, ameingiza mukono katika ule ufa wa kati ya mbao na ukuta, anapapasa mawe.

«Nyuma ya jiwe hili ni Masisi?»

«Ndiyo, mama. Mbali, lakini ni huko.»

«Basi muniingize.»

Walimuingiza kwa dirisha. Julien upande huu, Bulonza alitangulia upande ule, wakamupitisha kama wanapitisha mutoto aliyelala. Nikasema mama, kesho nitatoboa mulango wa pili upande huu, ni kazi ya dakika. Akajibu toka ndani: «Milango mbili ni ya kanisa na ya bar. Uache.» Nikiugusa huo ukuta kwa msumeno, anasema, atarudi jikoni. Basi sisi wote ni dirisha, sufuria kwa dirisha, ndoo kwa dirisha.

Analala ndani sasa. Ningependa kukuandikia kwamba kikohozi kimeshuka. Hakijashuka. Anakula vijiko viwili vya uji anasukuma sahani. Kitanda chake tuliweka mbele ya ule ufa wa mulango, na mchana kutwa anatazama mawe meusi. Kila asubuhi ananiita: «Léopold, ukuta umesogea?» Mwanzoni nilikuwa ninamujibu kwa mizaha. Sasa ninaenda kwanza kuupapasa. Mimi niliyehamisha nusu ya muji huu kwa chukudu, nimeshindwa na mawe yanayosimama kati ya mama yangu na kwao. Na hata ukuta ungeanguka, Bénita, kule juu kuna nini? Ukuta mwingine mumoja, umesimama pekee.

Jana aliniambia: «Umwandikie Bénita kwamba nitatoka kwa mulango, si kwa dirisha.» Kaswera alisikia, akainuka kwenda kupuliza moto, na moto ulikuwa unawaka vizuri. Mimi nilijua maana yake. Siku hiyo nitaungoa ukuta mzima wa upande wa jiko, kila ubao, uwe mulango, apite akiwa amelala kama malkia. Misumari yake ninaijua mumoja mumoja. Ni kazi ya mwisho ambayo ninaweza kusema kwa kweli kwamba hakuna fundi mwingine ataniwezea.

Kwa hiyo njoo. Usingoje Noël, njoo na lori ya Viateur akiwa anarudi huku. Usilete nguo wala sabuni. Ukiweza, omba kwa mama mukwe wako udongo kidogo wa ile tembe, ufunge katika kitambaa, Koko aunuse. Picha amekwisha kuimaliza kwa pua, imebaki nyeupe pembeni. Na wakwe wakiuliza bado, uwaambie Koko anakaa katika planche. Usilitafutie jina lingine la kwenu. Hakuna jina la kwenu ambalo litabeba haya yote.

Unisalimie Mwalimu Malogo, umwambie wakwe zake wa Goma bado wanasimama. Unisalimie watoto, na mama mukwe wako na miguu yake. Ndugu yako Deborah aliye Kigoma akipiga simu umupe habari polepole, ana moyo mwepesi. Jeancy naye, kama ameandika toka Kampala, umwambie koko wake anamutaja. Mungu akufunike kwa paa lisilovuja, awape usingizi, na asikuonyeshe siku ya kungoa nyumba yako kwa ajili ya kuni.

Neno moja la mwisho, na hili usiwasomee watu kwa sauti. Lile dirisha, Koko alipita. Kaswera anapita na ndoo ya maji. Bulonza anapita hata bila kazi, kutuonyesha tu. Mimi sipiti. Nilijaribu kwa kichwa, nikajaribu kwa miguu, tumbo likakataa, nikabaki pale nusu inje nusu ndani, Julien ananivuta suruali, na suruali ndiyo iliyotoka. Koko aliona yote toka kitandani. Alicheka, Bénita, alicheka mpaka kikohozi kikamushika, na alipopata pumzi akasema: «Muangalieni mwenye nyumba!» Alisema nyumba. Ni mara ya kwanza neno hilo litoke kwake tangu afike Goma, na mimi nililisikia nikiwa nimening'inia bila suruali.

Tangu siku hiyo ninalala jikoni, chini ya bâche yake. Inavuja.

Ni mimi mujomba wako anayekupenda,
Léopold, fundi