Mtaalamu Aliyewafuta Wanawake

Mwenzangu, nimetoka kikaoni sasa hivi na hasira zangu zote.

Yule mshauri wa utafiti tuliyeletewa kwa mbwembwe kasimama mbele ya mkurugenzi, akasema, "Takwimu zimethibitisha jinsia haina athari kwenye kipato. Mradi wa wanawake ufungwe."

Ufungwe! Kwa takwimu zetu, za watu wale wale tuliowafuata nyumba kwa nyumba miaka sita!

Nikamuuliza kajuaje. Eti, "Kompyuta yenyewe imeiondoa jinsia."

Imeiondoa!! Mbumbumbu na tai yake. Njia aliyotumia inamlinganisha kila mtu na yeye mwenyewe, mwaka hadi mwaka. Kisichobadilika, kama jinsia, haiwezi kukipima, ndiyo maana inakitupa. Nikamwambia, "Ulitaka wanawake wangapi wageuke wanaume ndipo uone athari?"

Akacheka. "Binti, haya ni mambo ya kitaalamu."

Binti! Mimi mama wa watoto wawili!

Mkurugenzi akamwambia, "Mjibu." Mshauri akakohoa, akanywa maji, akapekua makaratasi.

Mkurugenzi kaamua: mradi haufungwi. Hesabu narudia mimi.

Halafu yule mshauri kanivizia mlangoni, ananong'ona nimwelekeze hiyo njia inavyofanya kazi. Nimempita kama nguzo ya umeme.