Gari Lililolishwa Wimbi

Marani, Ijumaa jioni, mwezi wa tano, 1953

Mvua ilinyesha mchana ikakatika ghafla, na sasa vilima vyote vimeoshwa. Jua bado liko juu kidogo. Ninaandika mbio kabla halijazama, kwa sababu likizama Sabato imeingia, na baba mkwe hapendi kumwona mtu na kalamu. Mikono yangu inanuka grisi. Nimeisugua kwa majivu na bado inanuka, na wala sijali.

Leo nimeendesha gari mpaka juu ya kilima na halikuchemka!

Nimeshalisema hili kwa kuku, kwa ng'ombe, na kwa jirani aliyekuja kuomba moto. Sasa nakuambia wewe, daftari langu.

Gari lenyewe si la kujivunia. Mume wangu, Mwalimu Nyakundi, alilinunua kwa mzungu mmoja wa mashamba ya Nyansiongo aliyekuwa akirudi kwao. Ni kuukuu, ubavu wake ni wa mbao, na mlango mmoja unafungwa kwa kamba. Lakini ni ndani ya gari hilo Mwalimu alinifundisha kushika usukani, tukizunguka uwanja wa shule huku watoto wakishangilia. Nilipomwandikia mama yangu kule Nyacheki kwamba nitakuja kumwona nikiendesha mwenyewe, alijibu kwamba ndoa imenifundisha uongo. Tangu siku hiyo sina hamu nyingine. Nataka mama asikie honi, atoke nje, anione.

Halafu likaanza kuchemka. Kila kilima, mvuke. Mwalimu alibadilisha mkanda wa feni, akaongeza maji, akaongeza mafuta, akaomba. Sokoni wakalibatiza jina, Birika. Mwalimu ni mtu mpole, lakini kuchekwa hakuwezi. Wiki hii alitangaza kwamba likichemka mara moja tena, basi. Kuna mfanyabiashara wa Kisii mjini anayekuja Jumapili kulichukua. Hataki hata injini, anataka magurudumu ya mkokoteni.

Magurudumu ya mkokoteni! Nilisikia kama nimepigwa kofi.

Jumanne tulijaribu kilima tena, mimi nikiwa kwenye usukani. Hatukufika hata pale barabara inapobana, likaanza kupuliza mvuke. Mwalimu akaruka na kibuyu kukimbilia mtoni. Mimi nikabaki, nikafungua boneti, na pale ndipo pua yangu iliposhtuka.

Mvuke ule ulinukia uji.

Kwanza nilinusa nguo zangu, maana asubuhi nilikuwa nimepika uji wa wimbi. Hazikuwa nguo. Nikapitisha kiganja mbele ya rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa. Juu palikuwa pa moto wa kuunguza. Chini palikuwa baridi. Nikawaza kama mtu wa jikoni, kwamba maji ya moto yanaingia juu na hayapati njia ya kushuka. Kuna kitu kimeziba katikati.

Mwalimu aliporudi nikamweleza, akasema nina njaa.

Tulipofika nyumbani na gari likapoa, nilifungua paipu ya chini kwa mkono wangu. Hayakutoka maji. Kilitoka kitu cha hudhurungi, kizito, kinachovutika. Nikakionja. Ndiyo, nilikionja, na mume wangu akafumba macho. Ilikuwa wimbi, na ilikuwa imeungua.

Hapo nikakumbuka mambo mawili. Mwezi uliopita rejeta ilikuwa ikivuja, inadondoka uani usiku kucha, kisha ikaacha yenyewe, na Mwalimu akasimama kanisani kutoa shukrani. Siku hizohizo unga wangu wa wimbi, niliouweka ghalani kwenye kibuyu, uliisha, nikawalaumu panya. Na mtu wa pekee aliyekuwa akishinda uani karibu na gari ni baba mkwe.

Sasa nifanyeje? Sisi Wagusii tuna chinsoni, ile heshima na aibu kati ya mke wa mtu na baba mkwe wake. Mkono wake sijaushika tangu niolewe. Kiti chake sikikalii. Yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba yangu. Leo nimwendee mzee kama huyo nimuulize, je, Tata, uliuiba unga wangu ghalani ukalilisha gari? Heri ningelitoa gari bure.

Lakini kukaa kimya pia kulikuwa ni kuliuza. Kwa hiyo nikafanya tunavyofanya. Nilisimama uani, mzee akiwa ameketi kando ya ghala akipukuchua mahindi, nikamgeukia mume wangu aliyekuwa mbele yangu hapa, nikapaza sauti kana kwamba yuko ng'ambo ya mto.

"Mwalimu! Kuna mtu alipikia ugali ndani ya hii gari. Simlaumu. Nataka tu kujua alitia kiasi gani, ndiyo nijue kuosha."

Gunzi likawekwa chini. Mzee akakohoa. Akamtazama mwanawe, si mimi.

"Nyakundi, huyo mtu ni mimi. Dereva wa lori aliniambia pale sokoni unga inaziba tundu. Nilikuona unahangaika na hiyo gari kila asubuhi, nikakuonea huruma. Alisema nitie kidogo. Mimi nikaona kidogo ni ya mtoto, na gari ni kubwa."

"Sasa ulitia ngapi, Tata?" Mwalimu akauliza.

"Ile kibuyu yote."

Nilikimbia nyuma ya nyumba. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipomaliza kucheka machozi yalikuwa yanatoka kwa sababu nyingine. Huyu mzee analipenda gari letu, na mimi nilidhani anatuona wapumbavu.

Chungu kilichoungulia wimbi hakinishindi. Jumatano tuliifungua rejeta, nikaijaza maji ya moto yenye magadi, nikaiacha ilale hivyo. Jana tuliibeba mpaka chemchemi, pale maji yanapoanguka kutoka kwenye mfereji wa gome la mgomba. Tukaigeuza kichwa chini, tukauweka mdomo wake wa chini kwenye maji hayo, ili yaingie kinyume na kawaida. Mwanzo hayakupita. Kisha vikaanza kutoka vipande vyeusi, halafu uji, halafu maji safi. Wanawake waliokuja kuteka maji walisimama na mitungi yao. Mmoja akaniuliza, "Moraa, unaosha nini?" Nikamjibu kwamba naosha sufuria ya baba mkwe.

Unga ulipotoka, tundu nalo likarudi. Mfua bati wa sokoni, kijana wa pande za ziwa, akaliziba kwa risasi iliyoyeyushwa na akauliza kama safari hii tungependa atie maharagwe.

Na leo, mvua ilipokatika, tukaondoka. Mimi kwenye usukani, Mwalimu kando yangu. Mzee hakuweza kupanda, maana hicho kigari kidogo kingetubananisha, na hilo haliwezekani. Lakini hakukubali kubaki. Alivaa koti lake la kanisani, akajaza kibuyu maji, kibuyu kilekile cha unga, akatufuata kwa miguu. Barabara ilikuwa tope, nikapanda kwa gia ya kwanza, polepole sana. Kila nilipogeuka nilimwona nyuma, mbali kwa heshima, amekumbatia yale maji kifuani ili yasimwagike.

Pale barabara inapobana nilishikilia usukani kwa mikono miwili. Hakuna mvuke. Kwenye kona ya juu, hakuna. Tulipofika kileleni nikazima injini, nikashuka, nikaweka kiganja kwenye rejeta. Juu moto. Chini vuguvugu. Maji yanashuka!

Nilipiga kelele. Mwalimu alipiga honi, na ng'ombe wa watu wakatawanyika.

Mzee akafika anahema. Alizunguka gari, akaliangalia kila upande akitafuta pa kumwaga maji yake, akakosa. Akasimama mbali kidogo, akainua kibuyu, akayanywa mwenyewe yote, akafuta ndevu. Kisha, akiangalia vilima, akasema ili sote tusikie, "Nyakundi, mwambie huyo mwenye kuendesha, mama yake alizaa mtu."

Sijui kama nitalala. Mwalimu hajasema neno juu ya kuuza, ila nimemwona akipaka mafuta bawaba za mlango ule wa kamba.

Jua linagusa miti. Kesho gari litapumzika nasi. Jumapili yule mtu wa magurudumu akija atakuta mlango umefungwa na mzee ameketi kando ya ghala, na mzee atamwambia tumeenda Nyacheki, na kwamba anayeendesha ni mke wa mwanawe.